Nati Niliyoiweka Nyuma ya Sikio la Mjukuu Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ya barua hii ukaanza kumlaani mwizi. Mwizi alifanya kazi yake ya wizi. Aliyemfunga mtoto ni mimi!

Mimi ni nyanya wa watu hapa Dandora, na nimekaa hapa tangu ploti zetu zikiwa choo na ukuta mmoja tu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo usinitafutie maneno matamu. Ninaandika vile ninavyosema.

Nimelea mjukuu mmoja. Nitamwita Nekesa, ingawa silo jina lake; yeye huniita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Mama yake ni binti yangu wa kumzaa. Aliniachia huyo mtoto akiwa na miaka minne, akaenda zake. Lakini kabla ya kwenda alingoja mpaka nifike kanisani, akauza cherehani yangu. Cherehani! Ndiyo niliyokuwa nikishonea watoto wa watu sare za shule. Nilirudi nikakuta meza tupu, na mtoto amekaa chini yake anakula mkate.

Huo mkate sijausahau. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Sasa, almasi nilizomvalisha masikioni nilizitoa wapi? Usiseme niliiba. Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja wa Kihindi huko Parklands. Siku alipohama kwenda kwa watoto wake Ulaya, alivua pete kidoleni akaniwekea mkononi. Pete ya dhahabu, na juu yake vijiwe viwili vimekaa bega kwa bega kama macho ya panya. Akaniambia, "Hii almasi kabisa. Mtu akikwambia ni chupa, mfukuze."

Vidole vyangu vilikuwa vimevimba kwa kufua. Pete haikupita hata kiungo cha kwanza. Nikaizika kwenye mkebe wa unga wa wimbi, ikakaa humo miaka na miaka.

Mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño, Nekesa alimaliza kozi yake akaandikwa kazi ya kupiga taipu Industrial Area. Nilicheka peke yangu jikoni! Nikasema, vijiwe viwili vimepata masikio mawili.

Nikampeleka kwa fundi mmoja Mkamba, Mutiso. Alikuwa amefanya kazi kwa masonara wa mjini mpaka akazeekea huko, kisha akaweka benchi lake Kariobangi, katikati ya watu wa kupiga mabati. Akaitazama pete kwa kile kioo chake cha jicho moja. Akang'oa kijiwe kimoja kwa kibano, akakikwaruza kwenye chupa ya soda, chupa ikabaki na alama nyeupe.

"Mama, ni almasi. Kioo hulia mbele yake."

Laiti hangenionyesha jambo hilo! Utaona mbele.

Tukakaa tukapanga. Mimi nilitaka hereni za kuning'inia. Mutiso akakataa, akasema vijiwe vidogo vikining'inia vinapotea, afadhali vikae juu ya ndewe, vigande hapo kama umande. Akanichorea nyuma ya pakiti ya sigara: kikombe kidogo cha dhahabu, na kucha nne za kushika jiwe.

"Weka kucha sita," nikasema.

"Sita! Jiwe lenyewe ni mbegu ya wimbi. Ukilishika kwa kucha sita litapumua wapi?"

Nekesa akacheka mpaka akashika tumbo. "Kukhu anataka lifungwe pingu."

Tukakubaliana nne. Fundi akampima unene wa ndewe kwa kijiti cha kiberiti, akakivunja pale kilipofika. Dhahabu ya pete angeiyeyusha atengeneze hereni, na itakayobaki iwe jasho lake. Haki kabisa. Kisha nikamtuma mtoto aninunulie viazi, nikabaki na fundi. Nilikuwa na langu la moyoni.

"Huku nyuma unaweka nini?"

"Kishikizo cha kusukuma. Jioni anavuta, zinatoka, analala."

"Hapana. Weka nati. Halafu ukishamvalisha, ugonge ncha ya kijiti cha hereni, nati isizunguke tena."

Akaweka kioo chini. "Mama, hereni ikivutwa inafaa itoke. Afadhali hereni iende kuliko sikio."

"Nimesema nati."

"Na akitaka kuvua? Hata mlango wa jela una ufunguo."

"Ufunguo ni koleo lako. Akitaka kuvua aje hapa nikiwa nimemshika mkono."

Akaniangalia. Mtu mzima anajua mtu mzima mwenzake anapoficha jambo. Nikamwambia ni kwa sababu ya wezi, Nairobi imejaa wezi. Uongo! Sikuogopa wezi. Nilimwogopa mtoto niliyemlea mwenyewe. Nilijiambia damu ya aliyeuza cherehani imo mwilini mwake, na siku moja nitatoka kanisani nikute masikio matupu.

Wasomaji, hilo ndilo ungamo langu. Yanayofuata ni malipo.

Zilimpendeza! Siwezi kudanganya. Siku ya kuvalishwa aligeuza kichwa huku na huku mbele ya kipande cha kioo cha Mutiso, akanikumbatia pale pale kwenye moshi wa mafundi wa jua kali. "Kukhu, nani amewahi kunipa kitu kama hiki?" Alifikiri ile nati ilikuwa mapenzi.

Wiki haikuisha nikaanza kusumbuka. Je, akienda kwa Mutiso peke yake? Koleo halina dini! Wakibadilisha mawe wakaweka chupa, mimi nitajua? Basi nikakumbuka ile alama ya kwenye chupa ya soda.

Kila Jumapili kabla ya kanisa nilimwita dirishani. "Inama." Alikuwa anaweka shavu kwenye kioo, anasugua sikio moja, halafu la pili. Kioo kikishika alama, narudi kuvaa viatu vyangu nikiwa na amani. Msichana wa miaka ishirini na mbili, ana mshahara wake, namkagua kama ng'ombe wa mnada!

Siku moja akaniambia kwa upole, "Kukhu, huku stendi wanawake wananiambia hizi ni hatari. Twende kwa fundi azilegeze. Nitavaa Jumapili tu, nikirudi unazifungia kwenye mkebe wako mwenyewe."

Unasikia? Mkebe wangu mwenyewe! Mtoto alikuwa ananipa ufunguo mkononi. Nami nikamjibu nini?

"Leo ni kulegeza, kesho ni kuuza. Namjua aliyekuzaa."

Aliosha vyombo vyote, hata visafi.

Kesho yake akaanza kufunga kitambaa akienda kazini, kinafunika masikio yote mawili. Alikuwa anawaficha wezi hizo hereni, mtoto wa watu. Mimi nikaona ananificha mimi. Nilivumilia siku nne. Asubuhi ya tano nikasimama mlangoni.

"Vua hicho kitambaa."

"Kukhu, nimechelewa."

"Vua! Almasi haifunikwi kama kidonda. Unaficha nini?"

Akavua. Zilikuwepo zote mbili. Hata hivyo sikumrudishia kitambaa, nilikishika mkononi nikamwambia nenda. Akaenda na masikio yake nje, na jua la asubuhi likapiga pale hata mimi nikaona mwanga kutoka mlangoni.

Bado nilikuwa nimeshika kile kitambaa jirani yangu alipokuja mbio, kanga imemfunguka.

"Kukhu wa Nekesa! Toka! Wamemvuta sikio!"

Nilikimbia na hivi viguu vyangu. Nikamkuta amekaa kwenye kreti la soda kando ya kibanda, blauzi nyeupe imekuwa nyekundu upande mmoja, mkono umekandamiza sikio la kushoto. Wanawake wamemzunguka. Mmoja anasema, "Alivuta mara ya kwanza ikakataa. Mtoto akamwambia, chukua, chukua, ngoja nikupe! Akijaribu kuzungusha haizunguki. Jamaa akaona anachezewa, akavuta kama anang'oa muhogo."

Ngoja nikupe! Alitaka kumpa. Nilikuwa nimehakikisha hawezi.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia hata mchungaji. Nilipofika pale, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu halikuwa "umeumia?"

Nilisema, "Ziko wapi?"

Nekesa akainua macho akanitazama, na tangu siku hiyo hajanitazama tena machoni, hata kwa hasira.

Kwenye zahanati walimshona. Ndewe ilikuwa imepasuka mpaka chini, vipande viwili kama mkia wa mbayuwayu. Daktari alisema itashikana lakini kovu litabaki. Mtoto hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kwenda nyumbani tupite Kariobangi.

Mutiso alipotuona alifuta mikono, akachukua koleo. Hakusema "nilikuambia." Heri angesema! Heri angenitukana mbele ya wale watu wa mabati! Alikata nati polepole, huku amemshika Nekesa kichwa kama yai, akampa ile hereni moja iliyobaki.

Nekesa akanigeukia. Akaifungua mikono yangu, akaiweka hereni katikati, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Shika, Kukhu. Moja imeibwa. Hii hapa. Sijauza."

Mungu wangu!

Mimi wa kuwanyamazisha wanaume kwenye baraza, nikaifunga kwenye pindo la kanga nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Mwezi haukuisha akahama. Amepanga chumba Kware na msichana anayefanya naye kazi. Hakunigombeza. Alikunja nguo zake, akafagia, akaniachia maji kwenye mtungi.

Ile hereni moja iko kwenye mkebe wa wimbi. Siwezi kuiuza, na kumpa ndiyo zaidi, atavaaje moja? Nikienda dirishani asubuhi jua linaonyesha ile mikwaruzo, midogo, miwili miwili, ya kila Jumapili. Nilimwambia mwenye duka la vioo aje abadilishe. Alipofika nilimrudisha.

Nyanya wenzangu, na akina mama mnaolea watoto wa waliopotea, nisikilizeni mimi niliyechelewa. Msimdai mtoto deni la mama yake! Ukimpa mtu kitu, mwache akivue akitaka. Na fundi akikwambia jambo kuhusu kazi yake, msikie, usiwe kama mimi nisiye na ndewe wala sikio.

Nekesa huja kila mwisho wa mwezi. Analeta sukari, sabuni na dawa yangu ya miguu. Ana adabu kuliko zamani. Amefunga kitambaa, anakaa karibu na mlango, anakunywa chai, anauliza habari za kanisa. Kisha anasimama kwenda, na kabla ya kuvuka kizingiti anaufungua mkoba wake mbele yangu, wazi kabisa, nione ndani kwamba hakuna kitu changu.

Sijawahi kumwomba afanye hivyo.

Namwambia, "Funga, mama. Tafadhali funga."

Hafungi mpaka nitazame.