Jembe la Mahari Nililolishusha Mbamba Bay

Nilitoka nyumbani Mpepai kwa sababu moja: binti yangu Sabina alikuwa amefungwa kwenye ndoa ya mtu asiyekuwepo. Mumewe, Benson, fundi wa injini za boti, ni raia wa Malawi. Walifunga ndoa ya serikali huku kwetu, kisha jamaa akavuka ziwa kwenda kwao, akapiga simu kwamba harudi. Watu wakamwambia binti yangu kuwa mume wa nje ya nchi talaka yake inatolewa kwao. Basi, nikasema, nitavuka mimi. Shule niliishia darasa la pili, lakini kahawa yangu nimeipanda mwenyewe na nyumba ya tofali nimejenga. Ziwa litanishinda nini?

Nikabeba jembe la mahari, lile walilotuletea kina Benson. Kwetu mahari ikirudishwa, ndoa imekwisha. Shangazi yangu aliachika hivyo na hakuna aliyeuliza kitu.

Asubuhi Mbinga mjini ilikuwa ukungu na koti. Kutoka hapo barabara inateremka, masikio yanaziba, na joto linapanda. Mchana nilifika Lundo kwa Sabina, koti mkononi, jembe begani.

"Shikamoo baba. Unakwenda kulima wapi?"

"Marahaba. Nakwenda Malawi kuvunja ndoa yako."

Hakucheka. "Twende kwanza barazani," akasema.

Kesho yake tukaingia baraza la usuluhishi wa ndoa la kata. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akalitazama jembe.

"Mzee, ukivuka na hilo utarudi umechoka na ndoa iko palepale. Hii imesajiliwa serikalini, inavunjwa na mahakama."

"Mahakama ya kwao?"

"Ya hapa. Binti yako anaishi hapa, hapa ndipo anapofungua kesi. Kwa kawaida mngeanza kwangu niwasuluhishe, lakini mume yuko nje ya nchi na haelekei kurudi karibuni. Sheria inawaruhusu kwenda moja kwa moja."

"Mbona hukusema mapema?"

"Si umeingia sasa hivi, mzee?"

Tukaenda mahakama ya Mbamba Bay, Sabina akafungua madai ya talaka pamoja na cheti chake cha ndoa. Hakimu akaamuru wito umfikie Benson huko aliko, maana mtu hahukumiwi bila kujulishwa. Nikapanda Mpepai kusubiri. Kahawa ikaiva, nikachuma, bado nasubiri.

Siku ya kesi nikashuka tena na jembe. Askari wa mlangoni akanizuia.

"Mzee, silaha inabaki nje."

"Hii ni mahari."

"Na mahari inabaki nje."

Benson alikuwepo, amekuja na boti. Akaniamkia, nikaitika nusu mdomo. Hakimu akamuuliza Sabina kama ndoa inaweza kuokolewa.

"Mheshimiwa, ana nyumba nyingine kule. Mimi nimechoka kuwa mke wa simu."

Benson hakupinga, naye anataka kufunga ndoa kwao. Ndoa ikavunjwa. Nilishusha pumzi mpaka hakimu akanitazama.

Nje nikamnyooshea Benson jembe. "Chukua mali yenu."

"Baba, hata kwetu wataniuliza hati ya talaka. Hilo kaa nalo."

Nikabaki nimelinyoosha kama mjinga. Sabina akalipokea, akalijaribu uzito, akatabasamu.

"Lete, baba. Mvua zinakaribia na muhogo wangu sijapanda."

Nawaambia wenye mabinti: mkwe akiwa wa nje, anzeni mahakama ya kwenu kabla ya kutafuta boti. Mimi nilipanda kurudi Mbinga bega tupu, na baridi iliponipokea nikavaa koti langu, nikalala usingizi garini.