Viganja vya Kazija Vilipokataa Hina

Saa tatu asubuhi, katika nyumba moja ya Malindi, mjini Unguja, fundi wa hina Bi Mwatum Silima anakwangua hina kavu viganjani mwa bibi harusi, Kazija. Hina imelala mikononi tangu jana, lakini viganja vya Kazija vina rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Kesho jamaa za bwana harusi wanakuja kumtazama mwali, na kitu cha kwanza watakachoshika ni mikono.

“Nani kamgusa mwali wangu?” anauliza.

Bi Wanu, shangazi wa Kazija, anajikohoza. “Mie. Nlimpaka mafuta ya nazi jana, kabla hujaja. Nlitaka ang’ae.”

“Ang’ae? Shoga, huyu bibi harusi au changu wa kukaanga?”

Chumba kizima kinacheka, hata Kazija aliyekuwa akilia.

Bi Mwatum, mzaliwa wa Makunduchi, alirithi kazi hii kwa mama yake. Harusi moja humpa shilingi elfu hamsini, na baada ya Ramadhani hapati nafasi hata ya kukaa kula.

“Jani halipiti kwenye ngozi,” anaeleza huku akikamua ndimu. “Kinachopita ni rangi. Ndimu huitoa kwenye jani, vuguvugu likaisukuma. Ukitanguliza mafuta, umetia komeo mlangoni.”

Muhiddin, muuza dawa wa mtaani aliyeulizwa dukani kwake, anakubaliana naye. Anasema chembe za rangi ya hina ni ndogo mno, ndiyo maana hujipenyeza kwenye ngozi ya juu na kuishika. Za wanga ni kubwa. “Jipake uji wa muhogo mwezi mzima,” anasema, “hauingii. Utaliwa na sisimizi tu.”

Bi Mwatum anamwosha Kazija kwa maji ya moto na sabuni ya mche, anamkausha, anapaka upya. Mikono inakaa juu ya chetezo chenye moshi wa karafuu. Bi Wanu anapewa adhabu ya kumlisha mwali kwa mkono wake.

“Tonge dogo, shangazi,” Kazija analalamika.

“Meza. Kesho utakuwa na haya, hutakula.”

Magharibi inapokaribia, hina inakwanguliwa. Viganja vimekuwa vyekundu kama tofali, na kufikia asubuhi vimeiva hadi kukaribia weusi.

Bi Sichana, mama wa bwana harusi, amekuja kutoka Tumbatu. Anaigeuza mikono ya Kazija juu na chini, anainusa, kisha anapiga kigelegele kinachosikika barabarani.

“Nani kapaka?”

“Mie, bibi,” anajibu Bi Mwatum.

“Basi mwezi ujao namwoza binti yangu. Uje Tumbatu.”

Bi Mwatum anakubali papo hapo. Ujira wa Tumbatu, anasema, atanunulia miche ya mihina, aipande kwenye kiwanja cha kaka yake huko Bububu.

“Nshachoka na unga wa dukani,” anasema. “Nataka nichume jani bichi, nilitwange mwenyewe. Wallahi, mwanamke atakayepakwa hiyo ataolewa mara ya pili na mume huyo huyo.”