Ngamia wa Zimamoto, Saa Nne Asubuhi

Wateja wakinikuta na miwani usoni na simu mkononi, walidhani nasoma mambo ya maana. Wapi! Nilikuwa nasoma ratiba za katuni za Marekani. Ukiuza mabegi ya shule Kariakoo, lazima ujue mapema ni katuni gani itawapagawisha watoto, maana mzigo unaagizwa China miezi kadhaa kabla shule hazijafunguliwa. Ukikosea, umeumia.

Mwaka ule nikamwona ngamia mwekundu, askari wa zimamoto, anabeba maji kwenye nundu na kuyapuliza puani. Kituo kikubwa cha televisheni cha kule kilikuwa kimempa Jumamosi asubuhi, saa ambayo watoto wote wako mbele ya televisheni. Nilicheka peke yangu dukani mpaka nikapaliwa. Nikaagiza mabegi ya ngamia tupu.

Mzigo ukafika Desemba, ngamia hadi darini! Ndipo nikauona ujinga wangu: ratiba ile ilikuwa ya kwao, na hapa Bongo hakuna kituo hata kimoja kilichomwonyesha. Watoto wakawa wanampita tu. Mama mmoja wa Magomeni akaniuliza kama ni begi la madrasa. Mwingine, mwenye rozari, akauliza Mamajusi wako wapi. Jirani yangu wa duka la mkabala, Mchagga mmoja mwenye maneno, akifungua mlango tu anapaza sauti: "Dada, ngamia wameamkaje?"

Nilitamani kulia. Zilibaki wiki mbili shule zifunguliwe, na zikifunguliwa ngamia wakiwa bado dukani, mtaji wangu wote umelala mpaka mwaka mwingine.

Basi nikasema, kama vituo havimtaki, kituo nitakuwa mimi. Fundi simu wa jirani akaniwekea kwenye flashi sehemu zote alizozipata. Nikabeba televisheni yangu kutoka nyumbani Mchafukoge, nikaipachika juu ya mabegi, na mlangoni nikabandika kadibodi: KATUNI KILA SIKU SAA NNE ASUBUHI, SEHEMU MOJA TU. Wakitaka ya pili, warudi kesho!

Siku ya kwanza walikuja watoto watatu. Siku ya tano hapapitiki. Watoto wanawaburuta mama zao kutoka Ilala, "Mama, saa nne hiyo!" Na mimi nilikuwa nimenogewa kuliko wao. Nauza huku macho yapo kwenye televisheni, mteja ananiomba chenji nampa begi.

Sehemu ya kumi ikaishia pabaya: nundu imekauka, ngamia yuko katikati ya daraja linalowaka. Kesho yake nikafungua flashi, sehemu ya kumi na moja hakuna. Nikakimbilia ratiba ya Marekani. Wamemtoa! Nafasi yake wamewapa watoto wanaoshindana kupika keki. Keki jamani!

Saa nne ikafika. Watoto wamejaa, nusu ya mabegi bado yananitazama, na shule ni Jumatatu. Nikazima televisheni, nikapanda juu ya stuli.

"Watoto wa mji ule wakakimbia nyumbani," nikasema. "Kila mmoja akajaza maji kwenye chupa, chupa akaitia kwenye begi..."

"Begi gani?" akauliza binti mdogo wa mbele.

Sikuwa nimepanga, wallahi. "Hili hili!"

Kelele za watoto usiombe! Nilipuliza, nikanguruma, nikajimwagia maji ya kunywa kichwani, moto ukazimika. Ilipofika alasiri ukuta wa duka ulikuwa unaonekana. Begi la mwisho alilichukua jirani yangu, akidai ni la mwanawe.

"Lakini dada," akaninong'oneza, "daraja halikuanguka?"

"Halikuanguka."

Jumamosi iliyofuata, saa nne kasoro, yule binti akaingia na mama yake, ngamia mgongoni, akakaa sakafuni palepale. Sikuwa na begi hata moja la kumuuzia mtu. Nikamwambia katuni imekwisha.

Akatazama televisheni iliyozimwa, akanitazama mimi.

"Si upande kwenye stuli?"

Nikaivuta stuli.