Chai Niliyoikataa Mara Mbili

Niliajiriwa Katesh kuandika alama. Utafiti wetu ulihusu tiba ya wazazi ambao watoto wao wamechukuliwa na ustawi wa jamii. Mama na mtoto wanawekwa chumba kimoja na vitu vya kuchezea, mshauri anawaelekeza, nami nakaa pembeni na fomu nikihesabu mama amemsifu mwanawe mara ngapi, amecheka naye mara ngapi. Nilikuwa na diploma na kiburi cha kutosha.

Mama mmoja alitoka Gitting. Binti yake wa miaka sita aliishi kituo cha watoto tangu alipoungua kwa uji wa moto, siku ambayo mama alikuwa shambani na nyumbani hakuna mtu mzima. Ripoti ya vikao viwili vya kwanza ndiyo afisa ustawi aliyokuwa akiisubiri ili aamue kama mtoto arudi kwao.

Siku ya kwanza mama alikuja na chupa ya chai. Alimimina kikombe, akampa binti aniletee. Mtoto aliniamkia shikamoo, akasimama mbele yangu ameshika kikombe kwa mikono miwili. Masharti ya utafiti yalikataza kupokea chochote. Nikasema asante, nimeshiba. Mama akakaa kimya kikao kizima, macho sakafuni, mwanasesere mapajani. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Kikao cha pili kikawa vilevile.

Nami nimezaliwa Endagikot, mkoa uleule! Kwetu mgeni asipogusa kikombe, mwenye chai hana raha mpaka mgeni aondoke. Nimekua nikiliona hilo kwa mama yangu mwenyewe.

Kikao cha tatu mtoto ndiye aliyeuliza.

"Mama, kwa nini huyu hanywi chai yetu?"

Mama alimjibu bila kunitazama. "Anaogopa mikono yangu, mwanangu. Si watu wa ustawi walishaandika mimi ni mchafu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikakipokea kikombe, nikanywa chote, nikaomba kingine. Mama akashusha pumzi, akatoka kwenye kiti, akaketi chini na mwanawe. Wakajenga zizi kwa vipande vya mbao. Binti akaingiza gunzi la hindi, akasema ni ng'ombe.

"Umemfungia vizuri," mama akamwambia. "Huyo hatoki."

Wakacheka wote wawili, na kalamu yangu ikashindwa kuwafuata.

Jioni ile nilimwendea msimamizi. Ripoti ilikuwa imeshapelekwa. Nilieleza habari ya chai. Akanijibu kwamba alama hazifutwi kwa sababu ya chai. Afisa akaamua mtoto abaki kituoni mwaka mwingine.

Niliomba niende mwenyewe kumwambia mama, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimkuta kituoni, amekuja kumwona mwanawe. Alinisikiliza hadi mwisho, hakulia, hakunitukana. Kisha akamimina chai, akampa binti aniletee. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Mtoto alinitazama mpaka kikombe kikaisha, akamgeukia mama yake.

"Mama, amekunywa. Sasa twende nyumbani?"