Dole la Ngozi ya Mbuzi

Mwanamume akisifiwa kwa mikono yake, uliza kwanza nani aliyeitengeneza kazi ya mikono hiyo. Kule kijijini Ganda hawakuuliza. Walimwona Dena akitoka na koti lake jeusi kwenda Malindi, kufanya mazingaombwe mezani kwa wageni wa hoteli, wakasema huyo ana kipawa cha mababu. Mkewe Sidi, aliyemshonea mifuko ya siri ndani ya koti hilo, walimwona akipita na ndoo ya maji tu.

Sidi hakukanyaga shule hata siku moja, lakini mchezo ule aliujua kuliko mumewe. Mgeni mmoja alikuwa amempa Dena dole gumba la plastiki, lenye uwazi ndani, la kuvikwa juu ya dole la kweli ili kufichia kitu kidogo. Lilikuwa na rangi ya ulimi wa mbuzi. Kwenye mkono mweusi hata kipofu angeliona. Sidi akaloweka kipande cha ngozi ya mwanambuzi, akakivuta juu ya dole la mumewe, akakishona na kukiacha kikaukie hapo hapo, huku Dena akilalamika kwamba mkono umemfa ganzi. Kisha akakipaka maji ya gome la mkoko na mafuta ya nazi, siku baada ya siku, mpaka ngozi ya mbuzi ikawa ngozi ya Dena. Ukucha aliuchonga kwa ganda la chaza.

Halafu akakaa mkekani, akawa yeye ndiye mgeni wa hoteli.

"Unaliangalia!" alimkemea. "Ukilitazama wewe, na mimi nitalitazama. Nitazame usoni, sema nami."

"Nikiwatazama wake za watu usoni, waume zao watanipiga."

"Wakupige. Ncha ya dole ielekee machoni mwao, wasilione ubavuni. Na huo mkono ulegeze. Mbona umeukaza kama umeiba kuku?"

Dena alicheka, akarudia. Alirudia miezi mitatu. Kitambaa kikaingia ngumini, kikajibana ndani ya lile dole, ngumi ikafunguliwa, kitambaa hakuna. Mwisho kilitakiwa kitokee tena sikioni mwa mwenyewe. Hilo Sidi alilisisitiza kuliko yote: nguo ya mtu irudishwe mkononi mwake kabla ya kuondoka. Alilelewa na watu wanaojua kwamba mwenye kipande cha nguo yako amekushika wewe mwenyewe.

Dena naye alikuwa na sharti lake. Alimwapisha Sidi kwamba siri ya dole hataitoa kwa mtu yeyote. "Hata kwa mama yangu," alisema. Sidi akaapa. Mke wa watu hufanya nini?

Mwaka wa themanini na tatu, Jumapili moja, Dena alikuwa nyumbani, na kaka yake Menza akaja na mkewe Mbodze. Menza alikuwa mtu wa mzaha. Akachana ukanda mwembamba kwenye pindo la kikoi chake, akasema, "Haya, bingwa wa Wazungu, nipoteze na mimi." Dena akausokomeza ngumini, akapuliza, akafungua. Hakuna. Mbodze akapiga yowe. Menza akakamata mikono yote miwili ya nduguye, akaigeuza huku na huku, asione kitu.

Papo hapo gari la hoteli likapiga honi njiani. Dena akavaa koti, akalivua dole akiwa amewapa mgongo, akalitupa kapuni mwa Sidi wasilione, na kwa haraka akalisahau humo, akaenda. Ule ukanda haukurudi.

"Kitambaa changu je?" Menza alipiga kelele nyuma yake.

"Kimekwenda Italia!" Dena akajibu kutoka garini.

Watu wakacheka. Sidi naye alicheka, na kicheko hicho angali anakisikia.

Wiki ya pili Menza akapatwa na homa. Sidi alipompelekea uji alimkuta amekaa kitandani akipapasa shuka.

"Shemeji, kitambaa changu ki wapi?"

"Muulize nduguyo."

"Ndugu yangu yuko hotelini, haji. Nionyeshe wewe. Nionyeshe tu kilikokwenda, nipate kulala."

Lile kapu lilikuwa nyumbani kwake, mwendo wa kuvuka shamba la mihogo. Sidi akakumbuka kiapo. Akasema, "Mimi sijui, shemeji." Siku tatu Menza alimuuliza, siku tatu alijibu hivyo hivyo. Siku ya nne Menza akafa.

Wazee wakaja kupekua nyumba ya Sidi, wakiutafuta ule ukanda. Kapuni wakakuta kitu kama kidole cha mtu, chenye ngozi na ukucha, na ndani yake pindo la kikoi cha marehemu. Hakuna aliyetaka kukishika. Wakakisukuma kwa kijiti mpaka uani.

Mzee wao akamgeukia Dena. "Kitu hiki unakijua?"

Sidi alimtazama mumewe usoni, vile vile alivyomfundisha kuwatazama watu. Neno moja lingetosha. *Ni changu, ni cha kazi.* Lakini Dena alikwisha kujisifu kijiji kizima kwamba hatumii chombo, hutumia baraka za babu yake.

"Mimi natumia mikono yangu mitupu. Hicho kimetoka kapuni mwa mke wangu."

"Dena!" Sidi akasema. "Dena, mwogope Mungu!"

Wakalichoma dole pamoja na ule ukanda, na Sidi wakamfukuza. Binti yake Kanze, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akazuiwa asimfuate. Kabla ya mvua kunyesha, Priscilla, mfanyakazi wa hoteli kutoka bara, alikuwa anapika kwenye mafiga aliyoyapanga Sidi.

Sidi akaenda Marereni kuvuna chumvi. Hata huko habari zilimtangulia. Wanawake walimwachia nafasi pana walipokaa kula, na kila mmoja alikalia leso yake, Sidi asije akachomoa uzi. Na Menza alikuja. Hakuja kwa vitisho. Mchana mweupe, chumvi ikiumiza macho, alimsikia nyuma ya bega: *Shemeji, nionyeshe tu.* Akigeuka, ni upepo na majembe. Kwao wanasema koma, mzimu wa marehemu, humjia mwenye deni naye. Sidi alijua kwamba hakumroga Menza, na alijua pia kwa nini anamjia.

Miaka minne ikapita hivyo. Ndipo Kanze alipomfikia, amefunga leso kichwani, machozi hayajakauka. Mtoto wa mzee Kombe wa pale pale Ganda alitaka kumwoa. Kombe alikataa: hamwozeshi mwanawe binti wa mchawi. Wazee wa pande mbili watakutana mara ya mwisho Jumamosi, kisha basi.

"Mama, kama kuna neno la kusema, lisemwe sasa."

Sidi akatafuta ngozi ya mwanambuzi. Safari hii aliikaushia juu ya dole lake mwenyewe.

Jumamosi, jua la saa nne, aliingia uani kwa Kombe. Dena alikuwa barazani amevaa koti, kama baba wa binti. Mbodze, mjane wa Menza, alikuwapo pia. Mke wa Kombe akavuta wajukuu nyuma yake.

"Sikuja kugombana," Sidi akasema. "Nipeni kitambaa."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Kanze akaing'ata leso yake, akachana kipande, akampa mama yake mbele ya watu wote. Mtu akasema, "Yallah!"

Sidi akakisokomeza ngumini. Alimtazama Kombe usoni, akamuuliza habari za minazi yake. Mkono aliulegeza. Akafungua: mtupu. Kombe akasimama, kiti kikaanguka.

"Kaa, mzee wangu. Sasa tazama."

Akalivua dole, akakitoa kitambaa ndani, akaviweka vyote mezani.

"Ngozi ya mbuzi. Ukucha ni chaza. Nilimshonea Dena, ndilo lililomlisha. Ukanda wa Menza aliuacha humo kwa haraka ya gari, na aliona haya kusema."

"Umeniua, Sidi," Dena akasema polepole.

Kombe akaliokota dole, akalinusa, akalivaa. Lilimkwama kwenye kifundo. "Wallahi, mbuzi!" Akaanza kucheka, na mkewe akacheka, na watoto wakataka kulijaribu. Kanze alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Basi uchawi haupo," Kombe akasema. "Dena, mwanamume wewe, ukamwacha mama wa watoto wako aitwe mchawi kwa ajili ya mbuzi? Harusi ipo. Mkwe wetu, njoo ukae, ule nasi."

Mbodze peke yake hakucheka.

"Sidi. Alikuuliza siku tatu."

Kicheko kikafa.

"Ulijua kilipo. Mtu anakufa kwa hofu, anapapasa shuka, na wewe unajua kilipo."

Sidi angeweza kusema kwamba hakujua. Angeweza kumtupia Dena mzigo wote, na wangemwamini. Alitazama binti yake, kisha akamtazama Mbodze.

"Nilijua. Niliapishwa, nikamficha. Sikumroga, Mbodze, lakini nilimficha."

"Mchawi ningemwogopa," Mbodze akasema. "Wewe sijui nikufanyeje. Anakuja kwangu, Sidi. Miaka minne anakuja kuniuliza mimi."

"Na kwangu anakuja."

Mke wa Kombe akaweka sahani ya wali kati yao, akamkaribisha Sidi kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka minne mtu kumpa chakula cha sahani moja. Sidi akala matonge mawili. Dena alikwisha kuondoka kwa njia ya nyuma.

Mbodze alisimama uani, amewapa mgongo, akingoja. Lile dole alikuwa amelichukua mezani, amelifumbata.

"Maliza kula," akasema bila kugeuka. "Kisha twende kaburini ukamwonyeshe mwenyewe. Mimi nitasimama hapo nione kama unamwonyesha vizuri."

Sidi akanawa mikono, akamfuata.