Timu ya Kwenye Sinia

Juzi nilishuka Alum Rock, mtaa wa maduka hapa Birmingham, kutafuta sinia. Si trei ya kubebea vikombe, nasema sinia hasa, lile la alumini la kulia watu wengi. Muuzaji akaniuliza, "La watu wangapi, dada?" Jibu likanitoka bila kufikiri: "Kumi na tatu." Akanitazama kwa huruma, nadhani aliona nina ukoo wa kutisha. Sikumweleza. Ningeanzaje kumwambia kwamba watu wenyewe ni katlesi na bajia?

Wewe nitakueleza, kwa hiyo kaa vizuri. Baba yangu anarudi Unguja Jumamosi hii, na safari hii hasemi atarudi lini. Kastaafu, nyumba yake huko imekwisha ezekwa, magoti yamechoshwa na baridi ya Birmingham. Hata koti lake la baridi kanikabidhi nimpelekee mtu wa msikitini. Kaomba jambo moja tu: kabla hajaondoka tuchague timu, kama alivyokuwa akichagua mama yake. Sinia la zamani lilipotea tulipohama, ndiyo maana nilikuwa pale dukani nagonga masinia kwa kucha na kusikiliza yanavyolia. Bibi ndiye aliyenifundisha. Sinia lisilolia, alikuwa akisema, litapinda mkononi mwako mbele za wageni.

Utotoni mwangu tulikaa hapo hapo Alum Rock, nyuma ya barabara ya maduka, kwenye nyumba za matofali zilizoshikana. Ukuta ulikuwa mwembamba, jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa jikoni kwako. Jirani mwenyewe alikuwa mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe, mtu wa miji ya kaskazini, huko ambako watoto huzaliwa na raga ya watu kumi na tatu mdomoni. Huku kwetu watu ni mpira wa miguu tu. Ukitaja raga wanakuuliza ipi, na ukiwaambia ipi wanabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo yeye na mchezo wake walikuwa wageni hapa kama sisi tu.

Urafiki wake na bibi ulianza kwa sahani. Mwezi wa Ramadhani bibi alimpelekea kaimati, naye akairudisha sahani imeoshwa, tupu. Lo! Bibi alisononeka siku nzima. Hakukasirika, alimwonea huruma mtu aliyekua bila kufundishwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Akampelekea tena, na tena, mpaka siku moja sahani ikarudi na biskuti nne juu yake. Bibi akashangilia kama mtoto kapita mtihani.

Basi siku moja televisheni ya jirani ikamzimikia katikati ya mechi. Akabisha hodi kwetu, uso umemwiva, akaomba atazame dakika chache tu. Bibi alikuwa kwenye kona yake na tasbihi. Akainua macho. "Ala! Hawa watoto wa nani wanaoangushana hivi? Mama zao hawaoni?" Baba akatafsiri. Jirani akacheka, akaeleza kwamba kila timu inashika mpira, na wakishaangushwa mara sita wanaukabidhi kwa wenzao nao wajaribu. Bibi akaweka tasbihi chini. "Mara sita, kisha unampa mwenzio?" akauliza. "Huu mchezo una haki huu."

Tangu siku hiyo hatukupumua. Asubuhi ukikawia bafuni, bibi anagonga mlango: "Umeshaangushwa mara sita, mpe mwenzio!" Wachezaji aliwabatiza upya, maana majina yao ya Kizungu hayakumkaa ulimini. Yule wa mbele mwenye shingo nene akawa Kabati. Yule mdogo wa jezi nambari saba, anayewapangia wenziwe mchezo, akawa Kifaranga. Nilimpenda Kifaranga mimi, wee! Nilitembea kama yeye kwenda shule, mabega juu, naagiza watu njiani.

Na kila mwaka bibi akawa anachagua timu yake ya msimu, wachezaji kumi na watatu waliompendeza. Sasa utaniuliza mbona timu ya msimu ichaguliwe katikati ya msimu. Jirani naye aliuliza kila mwaka. Timu bora, alisema, huchaguliwa mwisho, baada ya fainali. Bibi alimjibu lile lile kila mwaka: "Chungu huonjwa kingali motoni. Kikishaepuliwa, chumvi ya nini?" Lakini ukweli ni kwamba bibi alikuwa akisafiri kwenda Unguja kila kiangazi, shule zinapofungwa, kuzuru kaburi la babu na kuangalia nyumba. Akirudi fainali imeshapita. Ile nusu ndiyo iliyokuwa msimu wake mzima, na hakutaka kuondoka hajatoa hukumu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya adhuhuri. Nyumba ilianza kunukia iliki na mafuta ya moto tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi na kuviponda, na kufinyanga katlesi kwa viganja vilivyopakwa mafuta. Mama alikaanga. Mkeka ulitandikwa sebuleni, sinia likawekwa kati, na wachezaji wakaanza kupangwa. Wale wanene wa mbele walikuwa katlesi. Mawinga walikuwa sambusa, kwa sababu zina ncha na zinakimbia vinywani. Waliosimama baina yao walikuwa kachori, na wale wawili wa akili, sita na saba, walikuwa bajia. Nyuma kabisa, peke yake, alilinda kipande cha mkate wa kumimina.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mchezaji akikataliwa analiwa pale pale na aliyempendekeza. Baba alikuwa akitupendekezea watu hovyo kabisa, wengine wameumia tangu mwanzo wa msimu, ili mradi ale. "Mwanangu," bibi alimwambia, "wewe hupendekezi, wewe una njaa." Ya pili, sinia haliliwi mpaka kila aliyekaa mkekani atamke kwa mdomo wake, "Nakubali." Mmoja akisema "Sikubali", wote mnasubiri. "Sinia la walionuniana halishibishi," alisema bibi, na hata mimi mtoto niliulizwa. Jirani Kiswahili chake chote kilikuwa maneno hayo mawili, na aliyatumia vizuri kuliko wengi wetu.

Mwaka ninaotaka kukusimulia nilikuwa na miaka tisa. Siku chache kabla ya kuchagua timu niliona koti la bibi halipo kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamuuliza mama. "Kamgawia yule mama wa Kisomali aliyehamia kutoka Mombasa," akasema, bila kunitazama. Nikauliza, na bibi akirudi atavaa nini? Mama akaendelea kukunja nguo. Mtoto si mjinga. Nikaenda chumbani kwa bibi, nikakuta masanduku yote yametolewa chini ya kitanda, hata lile la vyombo vyake. Shangazi huko Unguja alikuwa amemtaka mama yake arudi nyumbani kabisa, na mimi hakuna aliyeniambia.

Jumapili ikafika. Timu ikapangwa vizuri, kwa mabishano ya kawaida, mpaka ikabaki nambari saba. Bibi akanikonyeza, akachukua bajia nzuri kuliko zote, akaiweka mahali pake. "Kifaranga," akasema. Wakazunguka: nakubali, nakubali, nakubali. Ikafika kwangu.

"Sikubali."

Wakanigeukia wote. Jirani, ambaye hakuwahi kumpenda Kifaranga hata siku moja na alikubali kwa heshima tu, akafurahi, akamleta wa kwake. Bibi akala bajia ya Kifaranga kwa masikitiko. Ikafika kwangu tena. Sikubali. Jirani akala ya kwake. Baba akamtaja mtu ambaye hata bibi hakumjua. Sikubali. Baba akala, akataja mwingine, akala, akataja mwingine. Alikuwa na siku njema baba yangu. Chai ikaota utando. Tumbo la jirani likanguruma tukalisikia wote, akaomba radhi.

"We mtoto una wazimu?" mama akasema.

Bibi akamnyamazisha kwa mkono. "Mjukuu wangu, unamtaka nani?"

"Simtaki yeyote."

"Basi timu haitaisha."

"Isiishe!" Hapo nikaangua kilio. "Ikiisha utaondoka, na koti umeshaligawa!"

Jirani akamuuliza baba, mtoto kasema nini? Baba hakutafsiri. Alitazama mkeka. Mama akainuka akaenda jikoni, ingawa huko hakukuwa na kitu motoni. Bibi akajifuta vidole kwa kanga yake, kimoja kimoja, kisha akaiondoa bajia iliyokuwa mahali pa saba, akasawazisha nafasi kwa kidole kama anayefuta vumbi.

"Hapa paachwe wazi," akasema. "Timu ya mwaka huu haijaisha. Tuleni kumi na wawili hawa, huyu mmoja tutamtafuta. Unakubali?"

Nilitaka kukataa tena, lakini alikuwa amenishika kidevu. Nikasema nakubali. Jirani, bila kujua lolote lililopita, akaitikia kwa sauti kubwa, "Nakubali!" na mkono wake tayari uko kwenye katlesi. Tukacheka na machozi yetu.

Aliondoka. Nyumba ikapoa. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa na bibi yake, nakwambia ukweli. Msimu ukaisha, majira ya baridi yakaingia. Jirani alikuja siku za mechi, na siku zisizo na mechi alikuja vilevile, akikaa karibu na ile kona ya bibi. Kisha msimu mpya ulipofunguliwa, barafu bado iko vichochoroni, baba akaenda uwanja wa ndege, na akarudi na mwanamke mfupi aliyejizungushia kanga tatu juu ya sweta, meno yanagongana. Nilimrukia mlangoni nusura nimwangushe.

"Nimebakisha mchezaji mmoja," bibi akasema. "Ningekaaje kwa raha?"

Ukubwani nimeambiwa kwamba yeye na shangazi hawakuelewana habari za jiko, nani anatia nazi kiasi gani, na kwamba mama na binti wakali hawakai chini ya paa moja. Inawezekana. Mimi nimeshika ile sababu ya kwanza na siiachi. Mama wa Kisomali alilileta koti mwenyewe siku ya pili, limefuliwa. "Haki ya Mungu, nilijua tu," alisema. "Hili koti nililiweka, sikulivaa hata mara moja." Na mwaka huo bibi hakusafiri kiangazi, akaiona fainali yake ya kwanza. Akasinzia katikati.

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, na sasa amelala katika makaburi ya mji huu huu, mbali na babu. Jirani alichukuliwa na binti yake kurudi kaskazini, naye pia ameshafariki. Nilipopita mtaani kwetu juzi na sinia langu kwapani, nyumba zote mbili zilikuwa na milango mipya na sikumjua mtu. Hapa mtaa wa Erdington ninapokaa sasa, jirani yangu namjua kwa vifurushi vyake tu, ninapompokelea akiwa kazini. Nimewahi kumpelekea sambusa. Sahani haijarudi mpaka leo, si tupu wala na biskuti. Lakini nitapeleka nyingine, maana hata bibi hakufaulu mara ya kwanza.

Basi jana tukatandika mkeka. Tangu asubuhi mimi, mwanamke mzima, nilikuwa nakaanga bajia huku machozi nayasingizia vitunguu. Binti yangu aliponda viazi. Yeye Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na babu yake amezoea kuongea naye hivyo, kila mtu na lugha yake, hawapotezani hata kidogo. Sheria za sinia anazijua. Habari ya koti la bibi, na mimi kuikataa timu, sikuwahi kumwambia, naapa.

Tulibishana vizuri. Baba alipendekeza majeruhi, kama kawaida yake, akala. Treni zilipita nyuma ya nyumba na vikombe vikatetemeka. Timu ikajaa, bajia ya saba ikawekwa, baba akasema nakubali, mimi nikasema nakubali kwa shida. Ikafika kwa binti yangu. Aliitazama ile bajia. Akamtazama babu yake.

"Sikubali," akasema. Kwa Kiswahili.

Baba alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye katlesi. Akaurudisha. "Unamtaka nani, mjukuu wangu?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

Baba akanitazama mimi, nikatazama pembeni. Kisha akaitoa ile bajia mahali pake, akapasawazisha kwa kidole, akavua kofia yake na kujiegemeza ukutani kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Chai imepoa, kaipashe," akaniambia. Nilipofika mlango wa jikoni akaniita tena. "Na lile koti langu usimpe mtu."