Jeshi Nililomlisha Mjukuu Wangu

Binti yangu Grasia ni muuguzi kwenye kambi ya wakimbizi hapa Ngara. Juzi alinieleza kwamba askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, wote na maagizo yaleyale. Yanayofunguka kwa mmoja humfanya mla vijidudu, kwa mwingine humfanya mfua silaha. Nikalala nikiwaona wakitoka mifupani kama vijana kwenye ukungu wa alfajiri, huyu na jembe, yule na mkuki.

Kulipokucha nikamlisha mjukuu uboho wa ng'ombe, nikambeba hadi foleni ya chanjo ya surua pale kambini, si achanjwe, bali nijivune tu.

"Sindano ya nini?" nikawaambia akina mama. "Wangu kashameza jeshi zima!"

Wawili wakaanza kuondoka na watoto wao. Grasia akatoka mbio kwenye hema la chanjo.

"Mama! Surua inaua humu! Uboho wa ng'ombe unaishia tumboni. Askari wake mtoto anao, ila maagizo ya kumpiga surua bado yamefungwa. Sindano ndiyo inayowaonyesha adui, ili yafunguke."

Grasia akamtazama mjukuu, midomo inang'aa mafuta ya uboho.

"Tunaanza na huyo," akasema. "Na uliowafukuza, waite kwa sauti ileile."

Nikapaza: "Rudini, jamani! Bibi kawadanganya!"